UZI: Mawe ya hiroglifi za Kiluwi kule Uturuki na Syria, na wamejuaje kuyasoma

#1 Mzee Nondo
Wakuu habari za jioni. Kwenye ule uzi wa piramidi kuna jamaa kakomaa kwamba maandishi ya picha ni mali ya Misri na wengine wote waliobaki ni waigaji tu. Sikutaka kuchafua uzi wa mtu kwa hiyo nafungua wangu hapa, ni mrefu kidogo, mwenye chai aongeze maji.

Kuna mwandiko mwingine wa picha kabisa, sio wa Misri, ulitumika kwenye Uturuki ya leo na kaskazini mwa Syria kuanzia kama 1400 KK hivi mpaka 700 KK. Unaitwa hiroglifi za Kiluwi. Kiluwi ni lugha, ndugu yake Kihiti, wote wapo kwenye ukoo wa lugha za Kihindi-Kiulaya. Zamani walikuwa wanaziita hiroglifi za Kihiti kwa sababu zilidhaniwa ni za Wahiti, wale ambao mji wao mkuu ni Hattusa, baadaye ndo ikajulikana lugha iliyomo ndani ni Kiluwi. Wahiti kwa mambo ya ofisini walitumia kikabari, kule kuchomachoma vibao vya udongo, ila kikifika kitu ambacho mfalme anataka kila mpita njia akione, kwenye jabali, kwenye lango la mji, kwenye muhuri wake, hapo wanaweka hizi picha.

Sasa utamu ni kwamba dola ya Wahiti ilianguka karibu na 1180 KK, kikabari chao kikafa nayo, lakini hizi picha hazikufa. Vifalme vidogo vilivyobaki, Karkemishi, Hamathi, Malatya, Maraş, na vile vya ndani ndani upande wa Kayseri na Konya, viliendelea kuchonga miaka karibu 500 mingine. Mawe mengi tuliyonayo ni ya kipindi hicho cha pili.

Zinaonekanaje? Alama zipo kama 500. Zingine ni neno zima, zingine ni silabi tu, ta, ma, ni, wa, na kwenye sentensi moja zinachanganywa. Mungu ni kiduara kirefu chenye mstari katikati. Nchi ni vilele viwili vya mlima. Mji ni pembetatu. Mfalme ni kofia ndefu iliyochongoka, na ukiona juu ya kofia kumewekwa mkunjo ujue huyo anajiita Mfalme Mkuu. Kuna vichwa vya ng'ombe, farasi, punda, kuna mikono imeshika visu, miguu inatembea. Na kuna mtu mmoja anajinyooshea kidole usoni mwake mwenyewe, maana yake "mimi", na huyo ndo anafungua mawe mengi sana. Mimi ni fulani, mtoto wa fulani, nimejenga hiki na kile, atakayefuta jina langu miungu imshughulikie. Ndo muundo wenyewe, mtu kajisifia halafu kalaani.

Mstari wa kwanza ukienda kushoto wa pili unarudi kulia, kama ng'ombe wa plau anavyogeuka mwisho wa shamba, na alama nazo zinageuzwa. Kwa hiyo hupotei, unaangalia wanyama na watu wanatazama wapi, nyuso zao siku zote zinatazama mstari unakoanzia, wewe unaingia kwa kuwakabili usoni.

Nakunywa maji narudi.

#2 Pwani Raha
Nimevuta mkeka kabisa. Endelea mkuu

#3 Kichwa Ngumu
Mkuu story tamu sana ila mimi naomba nikusimamishe hapo hapo. Nani kakwambia ile kofia ni mfalme? Lugha imekufa miaka 2700, hakuna babu wala bibi wa kwenda kumuuliza, halafu mtu anakaa chuoni kwake Ulaya anakwambia hapa imeandikwa nimejenga ngome. Hata mimi nakuchorea punda na nyota tatu hapa nakwambia ni risiti ya mahari, utanipinga na nini? Leta ushahidi, tusije kuwa tunalishwa matango pori.

#4 Binti Ngamiani
Kichwa Ngumu leo umeuliza cha maana, nashangaa 😂. Mzee Nondo hilo swali nami nalitaka, tena taratibu usiruke

#5 Mzee Nondo
Hilo ndo swali lenyewe wala sikimbii. Kaeni.

Mwanzo kabisa ni Hama, Syria. Mwaka 1812 msafiri mmoja Mswisi, Johann Ludwig Burckhardt, alipita sokoni pale akaona kwenye kona ya nyumba kuna jiwe limejengewa ukutani limejaa vijipicha. Huyu bwana alikuwa anazijua za Misri, na aliandika wazi kwamba hizi hazifanani na zile. Kwa hiyo yule wa uzi wa piramidi alishajibiwa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Baada ya hapo kimya miaka 60. Mwaka 1872 gavana wa Syria, Subhi Pasha, akiwa pamoja na mmisionari kutoka Ireland anaitwa William Wright, ndo wakaenda kuyang'oa. Wenyeji walikuja juu kwelikweli, maana jiwe mojawapo lilikuwa dawa, wenye baridi yabisi walikuwa wanajilaza juu yake wanapona, au wanasema wamepona. Na Aleppo kulikuwa na lingine kwenye ukuta wa msikiti, wenye macho mabovu wanajisugua nalo, wamesugua vizazi na vizazi mpaka alama zimelainika. Mawe ya Hama yakapelekwa Istanbul, nakala za plasta zikaenda London. Hapo hakuna mtu hata mmoja duniani anayeweza kuyasoma.

Ufunguo wa kwanza ulikuwa kitu kidogo kinachoenea kiganjani, kibao cha duara cha fedha, muhuri, kilitokea Izmir. Katikati kuna mtu amesimama na hiroglifi pembeni yake, na ukingoni mzunguko mzima kuna kikabari. Yaani jina moja kwa miandiko miwili. Makumbusho ya Uingereza walikikataa wakidhani ni feki, bahati nzuri walitoa nakala kwanza. Mwaka 1880 Archibald Sayce akakitumia kuonyesha kwamba ile kofia iliyochongoka inakaa palepale kikabari kinaposema "mfalme", na vilele viwili vinakaa panaposema "nchi". Umeona Kichwa Ngumu? Kofia hakuiota mtu. Baadaye Hattusa ikachimbwa, ikatoka mihuri ya wafalme mingi ya namna hiyohiyo, jina kwa kikabari pembeni na jina kwa picha katikati, na hayo majina ya wafalme tayari yanajulikana kutoka vibao vya udongo. Miaka ya 1930 watu watano sita, kina Bossert, Forrer, Meriggi, Gelb, Hrozný, kila mmoja kivyake na wanapingana hatari, walishapata sauti za alama nyingi. Ila walikosa maandishi marefu ya lugha mbili ya kuwapima.

Mwaka 1946 ndo yakapatikana. Helmuth Bossert alikuwa anafundisha Istanbul, akasikia kwa mwalimu wa shule mmoja kwamba juu ya milima ya Taurus, upande wa Adana, kuna jiwe la simba. Akapanda huko na msaidizi wake Halet Çambel, kwa farasi na kwa miguu, barabara hamna. Sehemu inaitwa Karatepe. Walichokuta ni ngome yenye malango mawili, na kuta za kila lango zimepangwa mawe meusi ya basalti, upande mmoja Kiluwi na upande mwingine Kifoinike, habari ileile. Kifoinike kinasomeka vizuri tu, ni jamaa wa Kiebrania. Aliyeandikisha anaitwa Azatiwada, mtu wa Awariku mfalme wa Adana, mwishoni mwa karne ya 8 KK.

Shida ikawa mawe ya Kiluwi yameanguka yamechanganyikana, sentensi inaanzia kwenye jiwe hili inaishia mgongoni kwa simba wa kule, huwezi kujua upande huu unalingana wapi na ule. Aliyetegua ni mhasibu. Franz Steinherr, alikuwa mtunza hesabu wa hospitali ya Wajerumani Istanbul, jioni anahudhuria masomo kwa Bossert. Upande wa Kifoinike Azatiwada anajisifu, nimeongeza farasi juu ya farasi, ngao juu ya ngao, jeshi juu ya jeshi. Steinherr akaona kwenye Kiluwi kuna mahali vichwa viwili vya farasi vimekaa karibu karibu. Farasi juu ya farasi! Akapima maneno yanayofuata, nayo yanajirudia mawilimawili vilevile. Hapo pakawa msumari, ukishagongea pale unaanza kuhesabu mbele na nyuma, kila neno la huku linapata mwenzake wa kule.

Sasa nikuulize wewe. Sauti za alama zilipatikana kwenye mihuri kabla Karatepe haijajulikana. Halafu inakuja habari ndefu yenye tafsiri yake pembeni, na sauti zilezile za zamani zinatoa majina yaleyale, Azatiwada hapa na Azatiwada pale, Adana hapa na pale. Mtu aliyejitungia angelipatia vipi hilo?

#6 Kichwa Ngumu
Mhasibu tena 😂 haya hiyo ya farasi nimeielewa, nimekupa moja. Ila bado sijamaliza.

#7 Binti Ngamiani
Huyo Halet ni mwanamke? Milimani kwa farasi mwaka 1946?

#8 Mzee Nondo
Mwanamke, na sio wa mchezo. Mwaka 1936 aliiwakilisha Uturuki kwenye upanga Olimpiki ya Berlin, akaambiwa aende akatambulishwe kwa Hitler akagoma. Karatepe alikaa miongo kwa miongo. Wakubwa walitaka mawe yahamishwe yapelekwe makumbusho mjini, akakataa, akasema yatabaki mlangoni kwake yalipowekwa, mume wake Nail Çakırhan akajenga mapaa ya zege kuyakinga. Lilipokuja bwawa la umeme chini kule akapambana maji yasije kupanda mpaka kwenye mabaki ya kale. Alifariki 2014 akiwa na miaka 97.

Na kuna mstari mmoja kwenye jiwe la Azatiwada naupenda kuliko wote. Anasema sehemu ambazo zamani zilikuwa za kuogopwa, mwanaume alikuwa anaogopa kupita njiani, katika siku zangu wanawake wanapita na pia zao za kusokotea uzi. Angeweza kusema nimeleta amani akanyamaza. Yeye kaonyesha mwanamke anatembea barabarani anasokota uzi wake hana habari na mtu.

#9 Fundi Saruji
Mimi sio msomi wa hayo ila kazi yangu ni mawe na terrazo, naomba kujua walikuwa wanachonga vipi. Basalti naijua, inakula patasi hiyo balaa. Herufi imezama ndani ya jiwe au imeinuka?

#10 Mzee Nondo
Zote mbili fundi. Ya kizamani na ya fahari ni ya kuinuka, yaani unakata jiwe lote linalozunguka alama unaliacha umbo juu, na kati ya mstari na mstari unaacha utepe ulioinuka kama mpaka. Mawe ya Hama yako hivyo. Baadaye wengi wakahamia kwenye kuchimba mstari ndani, na ukichimba ndani hutaki tena kuweka nywele na masikio ya kila mnyama, kwa hiyo alama zikawa nyepesi, kichwa kinabaki mistari michache. Kuna simba wa Maraş, maandishi yamemzunguka mwili mzima, mbavuni, kifuani, mpaka kwenye miguu, hawakumwachia pa kupumulia.

Ila msidhani walikuwa wanachonga tu. Kule Ashuru wachimbaji walikuta vipande vya risasi, ile madini, vimekunjwa kama msokoto, kufungua ni barua za biashara kwa hiroglifi hizihizi. Na Kululu karibu na Kayseri vimepatikana vingine vina orodha za watu na kondoo. Mwandiko wa haraka haraka kabisa. Kwa hiyo kulikuwa na watu wanaandika kila siku, na lazima walikuwa na mbao na vitu vingine vilivyooza. Mawe ndo yaliyobaki.

#11 Fundi Saruji
Ya kuinuka kwenye basalti bila gurudumu la almasi 🙌 hao walikuwa na muda na walikuwa na njaa ya sifa

#12 Mchungaji Mtarajiwa
Bwana asifiwe wapendwa. Nimesoma yote. Hawa ndio kina Uria Mhiti? Na Hamathi si ndiyo ile ambayo mfalme wake Toi alimtuma mwanawe amsalimu Daudi, 2 Samweli 8?

#13 Mzee Nondo
Amina mtumishi. Hamathi ndiyo Hama hiyohiyo. Na Karkemishi unaikuta Yeremia 46, pale Nebukadreza alipompiga Farao Neko. Uria mwenyewe sitamtaja kwenye jiwe lolote maana hayumo. Ila fungua 2 Wafalme 7:6, Washami wanakimbia usiku wakisema mfalme wa Israeli amewaajiri wafalme wa Wahiti. Wafalme, wengi. Wakati huo dola kubwa ya Wahiti yenye mfalme mmoja ilishakufa zamani, kwa hiyo wingi huo unakaa sawa kabisa na hivi vifalme vyetu vya mawe. 

Lile jiwe la sokoni Hama na wenzake sasa yanasomeka. Linasema mimi ni Uratami, mtoto wa Urhilina, mfalme wa Hama, nimejenga ngome hii. Na huyo baba Urhilina anatokea kwa maadui zake pia, Shalmanesa III wa Ashuru anamtaja kati ya wafalme waliojikusanya kumzuia pale Karkari mwaka 853 KK. Kichwa Ngumu njoo uone na hii, jina la mtu limesomwa kwenye Kiluwi huku, na Waashuru wameliandika kwa kikabari kule, mji uleule na miaka ileile.

Karkemishi nikianza sitamaliza. Ilichimbwa na Waingereza kuanzia 1911 mpaka 1914, Hogarth, halafu Woolley na yule Lawrence aliyekuja kuitwa wa Arabia. Leo imekaa mpakani, mpaka wa Uturuki na Syria umepita palepale, ilijaa mabomu ya ardhini ikabidi yateguliwe kwanza ndo Waitaliano na Waturuki wakaanza kuchimba tena 2011. Pale kuna mtawala wa karne ya 8 KK anaitwa Yariri. Yeye hakuwa mfalme, alikuwa mlezi wa mtoto wa mfalme, Kamani, mpaka akue. Akachongesha ukuta mzima wa hao watoto. Kamani mkubwa kashikwa mkono na Yariri, wengine wadogo wanacheza na vifupa, mmoja anazungusha pia yake, mwingine kichanga kabebwa na mlezi wake, nyuma anavuta mbuzi mdogo kwa kamba. Na kila mtoto jina lake limeandikwa. Kwenye mawe ya wafalme umezoea kuona maadui wamelala chini ya magari ya vita, huyu kaweka watoto wanacheza.

Halafu kwenye jiwe lake lingine anatamba kwamba anajua miandiko minne, wa mji wake, wa Sura, wa Ashuru na wa Taimani, na lugha 12. Anasema bwana wake alimkusanyia watoto wa wasafiri wa kila nchi ili azijue lugha zao. Hakuna kabila aliloshinda vitani, kaandika CV.

#14 Pwani Raha
"Kaandika CV" nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta

#15 Kichwa Ngumu
Nimerudi. Nimejisomea kidogo nikakuta kitu ambacho Mzee Nondo hujakisema. Kumbe mpaka miaka ya 70 walikuwa wanasoma alama kibao kimakosa? Sasa miaka yote hiyo, baada ya Karatepe yako na mhasibu wako, walikuwa wanasoma nini? Na kama walikosea mara ya kwanza mara ya pili nawaaminije?

#16 Mzee Nondo
Safi, umefanya homework. Nilikuwa naiweka kiporo.

Ni hivi. Kuna alama mbili zinafuatana kwenye orodha ya Laroche ya 1960, ile ambayo kila alama ina namba mpaka leo, namba 376 na 377. Zilikuwa zinasomwa i na ī. Mwaka 1973 na 1974 watu watatu, David Hawkins, Anna Morpurgo Davies na Günter Neumann, wakasema hapana, hizo ni zi na za. Na zile zilizokuwa zinasomwa a kumbe ndo i na ia. Inaonekana kitu kidogo ila hizo alama zinatokea karibu kila mstari, kwenye viambishi vya wingi, kwenye "huyu" na "hii", kote.

Sasa sikiliza walivyolijua. Mashariki ya Uturuki kule Altıntepe ilikuwa nchi ya Urartu, lugha nyingine kabisa. Pale ilikutwa mitungi mikubwa ya kuhifadhia, imeandikwa ujazo wake kwa hiroglifi hizi hizi, ila maneno ya vipimo ni ya Kiurartu. Na vipimo hivyo vinajulikana kutoka kwenye mitungi mingine ya Urartu iliyoandikwa kikabari. Ukiweka sauti za zamani neno la kipimo linatoka halieleweki, ukiweka sauti mpya, "za", linatoka neno la Kiurartu linalojulikana. Mtungi wa mafuta au mvinyo ndo ulitoa jibu.

Na walivyorekebisha kikatokea kitu kizuri zaidi. Kuna Kiluwi kingine, kilichoandikwa kwa kikabari Hattusa, kilishasomwa mbali huko. Kwa sauti za zamani lugha ya mawe ilikuwa inafanana nacho kwa mbali, watu wanasema ni binamu. Kwa sauti mpya maneno yakaanza kukaa juu ya maneno, viambishi vilevile, kumbe ni lugha ileile kwa lahaja mbili. Maana ya jumla ya Karatepe haikubadilika, farasi ni farasi, kilichobadilika ni matamshi na sarufi. Wewe unauliza nawaaminije, mimi nakwambia ndo hapo nilipoanza kuwaamini. Anayejitungia hana haja ya kujisahihisha, na hakuna mtungi utakaomuumbua.

Nikupe na upande wa pili ili usiseme nawatetea. Mwaka 2017 lilitangazwa andiko la Beyköy, refu mita 29, habari za wafalme wa magharibi na vita za baharini, magazeti dunia nzima yakaruka nalo. Jiwe lenyewe halipo. Kulikuwa na mchoro tu, umetoka kwenye makaratasi ya James Mellaart, yule mchimbaji wa Çatalhöyük aliyefariki 2012, pamoja na maelezo kwamba jiwe lilinakiliwa karne ya 19 halafu likajengewa msikiti. Mwaka 2018 huyohuyo Eberhard Zangger aliyelitangaza akasema amekuta nyumbani kwa marehemu ushahidi kwamba alikuwa anatengeneza maandishi ya kughushi. Zangger bado aliitetea Beyköy, ila wataalamu wengi wa mwandiko huu hawaigusi. Ule muhuri wa fedha walisema feki ukaja kuthibitika ni wa kweli kwa sababu upo, unashikika, unapimwa na mingine. Huu mchoro utaupima na nini?

#17 Kichwa Ngumu
Hapo kwenye mtungi umenimaliza. Nakubali kishingo upande.

#18 Dogo wa Korogwe
Wakuu mimi naenda kwenye pointi, hapo chini ya hayo mawe kuna mali? Maana huku kwetu jiwe lolote lenye alama watu wanajua ni mali za Mjerumani, usiku wanakuja na mashine

#19 Mzee Nondo
Dogo wewe na wale wa Uturuki ni pacha. Kule wapo wasaka hazina mpaka wana vitabu vya "kutafsiri" alama, ukiona ndege chimba hatua 7 mashariki. Wanapasua majabali kwa baruti. Jabali halina kitu ndani, ni jabali.

Chukua Karabel, njia ya mlimani karibu na Izmir. Kuna mtu kachongwa kasimama na upinde na mkuki, juu yake maandishi. Herodoto aliyaona au aliambiwa, akaandika kwamba ni mfalme wa Misri Sesostri, eti maandishi yanasema ameishinda nchi hii kwa mabega yake. Kwa hiyo yule wa uzi wa piramidi ana mzee mwenzake wa miaka 2400 iliyopita. Mwaka 1998 Hawkins ndo akasoma vizuri, mfalme wa Mira anaitwa Tarkasnawa, mtu wa pale pale, karne ya 13 KK. Na jina lake limeandikwa kwa kichwa cha punda! Ni mfalme yuleyule wa kile kibao cha fedha cha Izmir, kina Sayce waliliona jina kwenye muhuri miaka zaidi ya 100 kabla, wakalisoma vingine.

Kulikuwa na michongo mingine pale chini yake, barabara ilipopanuliwa miaka ya 70 na 80 ikalipuliwa ikaisha. Na huyo aliyebaki wameshamchokonoa wasaka hazina, wamemharibu.

#20 Binti Ngamiani
Yaani Wagiriki, halafu Waingereza, halafu wenye baruti. Masikini Tarkasnawa, na jina lenyewe punda 😭

#21 Mwanafunzi Konya
Nimechelewa ila nimeona niongeze maana mimi nipo Konya nasoma. Uwanda wa huku ni tambarare mashamba matupu, mahindi na beti ya sukari, na kila mahali vilima vya miji ya zamani. Mwaka 2019 kwenye kilima cha Türkmen-Karahöyük mkulima aliwaambia watafiti kuna jiwe limeandikwa lipo kwenye mfereji wa umwagiliaji. Wakaingia majini mpaka kiunoni wakaliona, nusu limezama. Kusoma, ni la Hartapu, Mfalme Mkuu, anasema ameiteka nchi ya Muska, yaani Frigia, na mungu wa radi amemkabidhi wafalme 13. Hartapu alikuwa anajulikana kutoka mlima Kızıldağ hapo jirani, mawe yake yaliandikwa habari na Ramsay na Gertrude Bell toka 1907, ila hakuna aliyejua mji wake ulikuwa wapi wala wa karne gani. Walilisoma Chicago, Goedegebuure na wenzake, wakaliweka karne ya 8 KK. Kuna wanaopinga hiyo tarehe mpaka leo.

Lingine la huku ni İvriz, upande wa Ereğli. Mungu Tarhunza kachongwa kwenye jabali mrefu zaidi ya mita 4, kashika zabibu na masuke ya ngano, mbele yake mfalme Warpalawa mdogo kwa umbo anaomba, kavaa joho limedariziwa mpaka ukingoni na pini kubwa kifuani. Na mto unatokea chini ya miguu yao, maji ya baridi kweli, watu wikiendi wanachoma nyama pale. Mungu kashika mazao na ukigeuka nyuma mashamba ni yaleyale, zabibu ni zilezile.

#22 Mzee Nondo
Mwanafunzi Konya karibu sana, uzi ulikuwa unakuhitaji. Tunaomba picha za İvriz.

#23 Mwanafunzi Konya
Nikifika hosteli naweka mkuu, hapa bando linakata

#24 Pwani Raha
Swali la mwisho nilale. Na wale wa vita ya Troya, ile ya farasi wa mbao, nao walikuwa wanaandika hivi?

#25 Mzee Nondo
Mwaka 1995 Troya ulipatikana muhuri mmoja wa shaba nyeusi, mdogo, una hiroglifi za Kiluwi pande zote mbili, upande mmoja mwandishi wa kazi na upande mwingine mwanamke, inaelekea ni mkewe. Ndo andiko pekee la wakati huo lililotoka pale. Muhuri unabebeka, mtu anaweza kuwa amekuja nao kutoka kwingine, kwa hiyo wanaokwambia Watroya wote walikuwa wanaongea Kiluwi wanakimbia mbele ya ushahidi. Mimi nasubiri watoe jiwe.

#26 Kichwa Ngumu
Leo umekuwa mgumu kuliko mimi

#27 Binti Ngamiani
Mzee Nondo nina transiti ya saa nyingi Istanbul mwezi ujao, nikaone lipi?

#28 Mzee Nondo
Nenda Makumbusho ya Akiolojia pale karibu na Topkapı, uliza jengo la Mashariki ya Kale. Ulizia mawe ya Hama, na uhakikishe kwanza hilo jengo limefunguliwa maana huwa wanalifunga kwa ukarabati. Ukiyakuta anzia kwenye yule mtu anayejinyooshea kidole, halafu angalia vichwa vinatazama wapi.